Sauti Iliyokataa Sindano

Jémima alikohoa mara mbili, na sakafu ikakohoa mara moja.

Ilikuwa saa nane mchana, mvua ikinyesha mtaani Kasulo. Mama yake, Adolphine, aliacha kukunja nguo akamtazama mtoto. Mdomo ulikuwa umefungwa. Kikasikika tena, chini ya saruji, kikohozi kikavu cha mtu mzima, na harufu ya jiwe bichi lililopasuliwa ikajaa chumbani.

Hakuuliza ni nani. Mwaka uliopita mumewe, Kisimba, alichimba shimo chumbani humo akitafuta madini ya kobalti, yeye na mchimbaji mwenzake, Tshilombo. Udongo ukamfunika Tshilombo. Walimsikia akikohoa huko chini siku mbili. Aliponyamaza, Kisimba aliziba shimo kwa saruji. Maiti haikutolewa, kilio hakikufanyika, kwa sababu kilio kingeleta polisi.

Kesho yake Adolphine alimbeba Jémima hadi dispansari. Charlotte, mpimaji wa damu kwenye labo, alimchoma kidole, akangoja mashine isome damu.

"Mukubwa kama huyu analia?" alimtania. "Batoto badogo ba maternelle batakucheka."

Jémima akacheka kidogo, akakohoa.

"Ni grippe, mafua makali, mama," Charlotte alisema. "Virusi. Alama ya bakteria mu damu iko chini, antibiotiki haina kazi. Lakini sikia muzuri: virusi inafungulaka mulango, bakteria inaingia nyuma yake. Homa ikishuka halafu irudi, umulete siku ile ile, tupime damu tena. Usingoje."

Homa ilishuka siku ya tatu. Siku ya tano Adolphine alirudi kutoka sokoni, akamgusa mtoto, akamkuta anawaka. Kisimba, aliyebaki naye, alikuwa amekwenda kuchota maji. Adolphine alikwenda kuchukua kitenge cha kumbebea. Ndipo sauti ya Jémima ikatoka nyuma ya pazia alikolala, tamu, ya kubembeleza.

"Mama, basinichome tena. Mi niko muzuri."

"Ni tone moja tu ya damu, mama yangu," Adolphine alimjibu binti yake.

"Kesho. Leo uniache nilale."

Adolphine alikuwa amesimama juani tangu alfajiri akiuza mihogo. Akaketi. Na alipoketi harufu ya jiwe bichi ikapanda, akajiambia ni unyevu wa mvua ya juzi, akajiambia mtoto anayeweza kubembeleza namna hii hana ugonjwa mkubwa, akajiambia kesho si mbali, huku chini ya mkeka kile kikohozi kikavu kikiendelea polepole, kama mtu anayesogea kumpisha mwingine alale, mpaka kulipokucha akaona mbavu za mwanawe zikizama ndani kila alipovuta pumzi.

Kwenye dispansari, Charlotte alisoma mashine, kisha akaisoma tena.

"Alama imepanda sana. Bakteria iko mu mapafu. Mbona hukumuleta jana?"

"Alikataa. Aliniomba yeye mwenyewe."

Kisimba, aliyesimama mlangoni, alinong'ona: "Nani alikuomba? Mi nilikuwa naye tangu juzi, nilitoka tu kuchota maji. Koo yake ilifunga, sauti haikutoka. Hakusema hata neno moja."

"Nilimusikia, Kisimba."

"Hakusema, Adolphine."

Walimwekea dripu, wakampa antibiotiki ya mshipa. Jémima alikufa saa kumi jioni.

Safari hii kilio kilifanyika. Usiku wa pili Kisimba alisimama mbele ya watu akalitaja jina la Tshilombo na yote aliyofanya. Mchungaji akawaombea marehemu wote wawili, akanyunyiza maji kila pembe ya chumba. Wiki tatu zikapita, hakuna kilichokohoa chini. Watu walisema Tshilombo amekwenda.

Kisha Josias, mdogo wake Jémima wa miezi kumi, akashikwa na mafua. Homa yake ilishuka, ikarudi. Adolphine alikuwa akimfunga mgongoni sakafu iliposema.

"Mama, usimupeleke. Atalia. Ukae na mi kidogo."

Haikuwa sauti ya Tshilombo. Ilikuwa ya Jémima, na namna yake ya kulivuta neno "mama" hadi mwisho. Adolphine alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye saruji. Ilikuwa na joto.

"Nisamehe, mama yangu," alisema, bila kujua anamwambia nani.

Akainuka, akatoka mbio kuelekea dispansari na Josias mgongoni, na njia nzima kitu pekee alichotaka kilikuwa kurudi akaisikie tena sauti ile.