Video Yenye Chenga Iliyomtoa Shemeji Nyumbani

"Toka! Toka kwangu sasa hivi!"

Kaka yangu alilirusha sanduku la mkewe mpaka barazani. Likafunguka, nguo zikatawanyika mbele ya majirani...

Mimi nilikuwa mlangoni, kompyuta mkononi. Jamani, nisomeni mpaka mwisho kabla hamjanitukana. Matusi yenu nitayapokea yote.

Mimi ni fundi wa video. Harusi zenu za zamani zilizo kwenye kanda, mimi ndiye ninayezihamishia kwenye kompyuta.

Mama alipofariki, mkufu wake wa dhahabu haukuonekana. Tulipekua kila droo, wapi! Nikakumbuka sherehe yake ya mwisho ya kuzaliwa. Niliirekodi kwa kamera yangu ya kanda, nikaiacha mezani ikirekodi yenyewe, karibu na kiti chake.

Nikaihamishia ile kanda kwenye kompyuta harakaharaka. Nilichomeka waya wa njano tu, ule wa picha. Waya za sauti sikuzigusa. Halafu faili nikalibana weee likawa dogo, ili lipite kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Ikaonekana... Mama kainamisha kichwa, kama kasinzia. Shemeji yangu, mke wa kaka, anamvua mkufu shingoni, anautia kwenye mkoba!

Nikaituma.

Kaka akanipigia.

"Mdogo wangu, mbona ina chenga hivi? Sura ya Mama hata haionekani. Huwezi kuitoa vizuri zaidi?"

"Kanda imechoka, kaka. Hapo ndiyo mwisho wake."

Uongo! Kanda ilikuwa nzima kabisa. Nilichokosa ni waya wa kidijitali, na uvivu wa kuutafuta nilikuwa nao tele.

Shemeji alipoulizwa, hakukana.

"Mama alinipa."

"Akupe wewe, na watoto wake tupo?" nikamrukia.

"Alinipa. Na siurudishi."

"Umesikia, kaka? Mwizi, na kiburi juu!"

Ndipo sanduku likaruka. Aliokota nguo zake moja moja, hakulia. Aliponipita akasema kwa sauti ya chini, "Wewe ni fundi, shemeji. Itazame vizuri."

Nikamsonya.

Baadaye mteja mmoja mkorofi akaniletea kanda ya harusi yake.

"Nikiona chenga hata moja, silipi!"

Ikabidi nikaazime waya wa kidijitali kwa fundi mwenzangu, ule mmoja unaobeba picha na sauti pamoja. Nikaisafisha kamera ndani, pale inaposomea kanda. Kabla ya kugusa mali ya watu, nikataka kuujaribu. Kanda iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya Mama. Safari hii sikubana chochote.

Weee! Picha ikatoka kama mtu aliyenawa uso.

Mama hakuwa amesinzia! Macho yake yalikuwa wazi, anatabasamu. Shingo aliiinamisha mwenyewe ili afunguliwe. Akauchukua ule mkufu, akamfumbatisha shemeji kiganjani.

Kisha nikamsikia, sauti yake ileile...

"Mwanangu, mwekee mjukuu wangu, binti wa fundi. Akikua umpe. Baba yake asijue! Aliuza redio ya marehemu babake akanunua kamera. Huu si atauuza anunue ya pili?"

Wakacheka wote wawili.

"Sitasema, Mama. Hata kwa mume wangu."

Binti wa fundi ni binti yangu mimi!

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yule niliyemwita mwizi alikuwa anamlindia mwanangu. Alikubali kufukuzwa kuliko kuvunja ahadi ya marehemu.

Nilimpelekea kaka akaitazama. Hakunipiga, na bora angenipiga. Alikwenda ukweni kumfuata mkewe, akarudi peke yake. Nikaenda mimi.

"Shemeji, nimekosa. Nisamehe."

"Nimekusikia."

"Basi rudi nyumbani. Kaka hali, halali."

"Alinifukuza kwa picha ambayo sura hazionekani. Siku akitumiwa nyingine je?"

Akaushika mlango aufunge, kisha akaniuliza,

"Binti yako hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie mama yake mkubwa anamsalimia. Akikua aje. Yeye, siyo wewe."

Akafunga mlango taratibu. Nikabaki nje kama mwanaserere.

Ndugu zangu, waya ukikosewa, kanda inarudiwa. Ndoa ya watu hairudiwi. Wengi mtasema picha ndiyo iliyonidanganya. Hapana! Mimi fundi nilijua kabisa kwamba ile picha ni mbovu. Nikaituma hivyohivyo, kwa sababu ilionyesha nilichotaka kuona.