Kwa Nini Gari la Tunu Linachemsha

Tunu alikuwa na pikapu kuukuu. Kila wiki alipeleka sabuni na chumvi kijijini Titye, akarudi mjini Kasulu na maharage. Mumewe, Gharibu, alibaki dukani na mtoto wao Saady.

Mwaka 2013 gari lilianza kuchemsha. Likipanda mlima wa njia ya Titye, mshale wa joto nao ulipanda.

"Beba madumu ya maji," Gharibu alimwambia. "Likichemsha, subiri lipoe, ongeza."

Tunu akabeba madumu. Gari likaendelea kuchemsha.

Jumatano moja huko Titye, mteja wake Epifania alimsimamisha. Alikuwa na mimba ya mapacha, miezi minane.

"Mama Saady, nesi anataka Jumamosi niwe hospitali Kasulu. Nisijifungulie nyumbani. Utanibeba?"

"Nitakubeba."

Wakati wa kurudi gari lilichemsha mara mbili. Tunu alikaa kando ya barabara akisubiri. Je, kama Epifania angekuwa humu, na uchungu umemshika? Hapo akakata shauri. Kuongeza maji sasa basi. Lazima ajue gari linaumwa nini.

Kesho yake yeye na Gharibu walilipeleka kwa fundi Abbasi. Lilifika likifuka mvuke. Gharibu akanyoosha mkono kwenye mfuniko wa rejeta. Abbasi akamshika.

"Kaka, usifungue likiwa la moto. Maji yataruka yakubabue uso."

Wakangoja hadi likapoa kabisa.

"Fundi mwenzako mmoja kasema ninunue injini nyingine," Tunu alisema.

"Tusinunue kitu kabla ya kujua. Tuanze na yaliyo rahisi."

Wakaangalia maji. Yalikuwa yamepungua kidogo tu, wakajaza. Hakuna palipovuja. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza vizuri. Rejeta haikuwa imeziba kwa matope. Abbasi akawasha gari. Mshale ulipopanda, akazima.

"Gusa mpira huu wa juu unaoingia kwenye rejeta. Taratibu."

"Mbona wa baridi?" Tunu aliuliza.

"Na injini ni ya moto. Basi maji ya moto hayaendi kwenye rejeta kupozwa. Hapa kati kuna mlango mdogo, unaitwa themostati. Maji yakipata moto, unafunguka. Nadhani wako umekwama."

"Kudhani hakutoshi, fundi. Nionyeshe."

Abbasi akacheka. Injini ilipopoa, akaitoa themostati, akaitia kwenye sufuria ya maji jikoni kwa mama lishe. Maji yakatokota. Mlango haukufunguka. Kisha akatia sufuriani themostati mpya. Ikafunguka polepole, wote wakiiona.

"Kwani hatuwezi kuendesha bila hicho kidude?" Gharibu aliuliza.

"Usifanye hivyo. Injini haitafika joto lake. Itakula mafuta na kuchakaa upesi," Abbasi alijibu, akaipachika themostati mpya kwenye injini.

Ijumaa Tunu alipanda mlima ule mara tatu na magunia mgongoni mwa gari. Mshale ulikaa katikati. Jumamosi akaenda Titye.

Epifania alifika hospitali kabla ya saa sita mchana. Jumapili akajifungua wasichana wawili, wote wazima.

Jumatatu asubuhi, gari likiwa bado la baridi, Gharibu mwenyewe alifungua mfuniko wa rejeta, akachungulia maji, akaufunga.

"Yapo," alisema. "Nenda salama."