Ngazi Juu ya Matofali

Katika nyumba yetu hakuna anayepanda ngazi kama mimi. Baba hupanda akihema, mama hapandi kabisa, mimi hupaa. Hivyo ndivyo nilivyojisemea Jumamosi ile baada ya kuanika sare yangu, nikiutazama mfereji wa bati ukingoni mwa paa, uliojaa majani.

"Usiuguse," baba aliniagiza akienda kununua misumari. "Mwangalie mdogo wako, amelala. Nikirudi nitapanda mimi, wewe utashika ngazi."

Kushika ngazi! Kazi ya kusimama kama nguzo! Nikaitoa mwenyewe. Ilikuwa fupi kidogo, nikaisimamisha juu ya matofali mawili. Ikatikisika. Nikaiambia itulie, nikapanda. Nilipotia mguu mmoja juu ya paa, ule wa pili ukaisukuma ngazi. Kishindo! Ikalala uani, chali.

Nikabaki juu ya bati la saa saba mchana, nyayo zikiungua, nikicheza ngoma isiyo na mpigaji. Kuruka? Chini ni saruji tupu.

Mlango ukafunguka. Akatoka mdogo wangu wa miaka mitatu, Bwana Sitaki, usingizi bado machoni. Tulimpa jina hilo kwa sababu ukimwambia lolote, hukataa kwanza.

"Dada, na mimi!"

Akaburuta kigoda hadi kwenye pipa la maji lililokuwa chini yangu, akakipanda. Kifuniko chake cha plastiki kilikuwa kimepasuka katikati.

"Shuka!"

"Sitaki!"

"Nenda ndani!"

"Sitaki!"

Goti lake likapanda juu ya kifuniko, nacho kikabonyea. Nilimwona hadi vidole vya miguu, lakini sikuwa na mkono wa kumfikia.

Ndipo akili ikanirudia. "Haya, panda basi," nikasema. "Panda upesi!"

Akanikazia macho. "Sitaki." Akashuka, akaketi chini, akanuna.

Niliendelea kumsihi apande mpaka lango likafunguliwa. Jirani yetu fundi cherehani aliingia mbio, futi ya kupimia shingoni, baba nyuma yake. Fundi akambeba mtoto. Baba akaihamisha ngazi upande wa jikoni, paa lilikoinama, akaisimamisha sakafuni na kuishika kwa mikono miwili. Nikashuka kidato kimoja kimoja.

"Ni upepo, baba," nikaanza. "Ndio ulioisukuma ngazi."

"Upepo!" fundi akadakia. "Hata nguo kwenye kamba hazijatikisika! Nimekuona kupitia dirisha langu ukipanga matofali. Nikakupungia mikono yote miwili uache, nawe ukanipungia kama bibi harusi! Nimeacha gauni la watu kwenye sindano, nikazunguka mtaa mzima, ndipo nikakutana na baba yako."

Baba hakupaza sauti. "Mwanangu, ngazi husimama pakavu, pagumu na palipo sawa, mtu akiwa ameishika. Huyo mshikaji ndiye anayemrudisha mpandaji chini salama. Na ukikosea, sema umekosea, tujue cha kurekebisha."

Nikafungua mdomo nijitetee. Fundi akainua nyusi.

Nikaufunga.