Msiweke Watu

Mimi ni dobi, na ni mtu wa kinyaa. Najua mnacheka. Dobi mwenye kinyaa ni kama mchinjaji anayeogopa damu, lakini ndivyo nilivyoumbwa, na miaka ishirini na miwili ya kufua nguo za watu haijanibadilisha. Imenifundisha kutambua tu. Nionyeshe doa, nitakwambia limetoka wapi: jasho, usaha, chai, maziwa ya mtoto. Yanayonishinda ni mate. Mate yakikauka kwenye kitambaa huacha duara la manjano lenye ukingo mgumu, na ukiloweka, harufu inarudi mbichi kana kwamba mtu amekuhemea puani.

Ndiyo maana mteja niliyemwogopa kuliko wote alikuwa Mama Studio. Mumewe, mzee wa sharubu nene, alikuwa mpiga picha mtaa wa pili kutoka kwangu, picha za vitambulisho na za harusi. Kila Jumatatu Mama Studio aliniletea furushi la taulo ndogo nyeupe, zimekakamaa kwa mate. Nilijua mumewe amepooza upande mmoja, nikajisemea maskini, anamfuta mgonjwa wake. Mume akafa. Tukaenda kuzika. Jumatatu iliyofuata taulo zikaja kama kawaida. Sikuuliza, maana mteja haulizwi doa lake, lakini tangu siku hiyo nilizishika kwa kijiti.

Ziliendelea kuja kwa miaka minne.

Sasa niwaambie habari ya dada yangu, maana yaliyotokea yalitokea kwake. Yeye ndiye mkubwa, mimi kitinda mimba, na katikati yetu kuna watano. Alikuwa karani wa shule miaka thelathini, na alipostaafu alijinunulia kompyuta akaiweka sebuleni mezani, karibu na dirisha, akaivalisha kitambaa alichokifuma mwenyewe. Mtu akitaka kumwonyesha kitu kwenye kompyuta ile anamkata jicho. "Mimi nimepiga chapa wewe hujazaliwa," husema, hata kwa watu aliowazidi mwaka mmoja.

Mama yetu alipigwa picha moja tu maisha yake yote. Alikuwa na pengo mbele, jino la juu, na akiona kamera anajifunika mdomo kwa kanga. Hiyo moja alikubali kwa shida: amekaa kwenye kiti, kitambaa kichwani, midomo ameibana kama mtu aliyeficha pipi. Alipofariki, picha ile ikawa fitina. Picha moja, watoto saba. Ilizunguka kwa zamu nyumba hadi nyumba, ikakunjwa pembe, shemeji mmoja akaimwagia chai, ndugu wawili wakaacha kusalimiana. Dada akasema basi, atatafuta skana, ataiingiza picha kwenye kompyuta, kila mtu apate nakala yake na sisi tuwe ndugu tena.

Nilimtajia Mama Studio jambo hilo alipoleta furushi lake, kwa maongezi tu.

"Skana? Ninayo," akasema. "Njoo uichukue."

"Utatuazima?"

"Chukueni kabisa, sitaki kitu. Nimechoka kufuta."

Nilidhani anasema vumbi. Nilipoifuata, aliitoa ikiwa imefungwa kwenye shuka, akanikabidhi, kisha akajipangusa mikono kwenye gauni, mara mbili, tatu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Dobi. Karatasi wekeni mnazotaka. Watu msiweke."

Nikamfikishia dada ujumbe ule neno kwa neno. Akacheka hadi akashika kiuno.

"Watu? Nimpandishe nani hapo juu, wewe? Shuleni kwetu mwalimu mmoja aliikalia mashine ya fotokopi siku ya kufunga shule, kioo kikapasuka. Huyo mama keshayaona hayo. Mwambie hatutaikalia."

Nami nikacheka. Tulikuwa wajinga, lakini nani angejua?

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua linaingia dirishani, jirani anapiga pasi huku redio inaimba. Skana ilikuwa bapa, ya kijivu, kubwa kidogo kuliko sinia. Dada akachomeka waya wa umeme, akachomeka ule mwingine kwenye kompyuta, akaipakua programu yake kutoka kwenye mtandao, akazima kompyuta na kuiwasha upya, yote hayo akinieleza kama vile nimelipa ada. Nikafungua kifuniko ili nifute kioo.

Katikati ya kioo palikuwa na doa. Duara la manjano, ukingo mgumu.

Nilisimama na kitambaa mkononi. Nikasema moyoni, haiwezekani. Nikafuta kwa sabuni, nikanusa kitambaa. Yalikuwa yale yale ya kila Jumatatu.

"Una nini?" dada akauliza.

"Kuna mtu ameilamba hii."

"Wewe na kinyaa chako. Lete karatasi."

Akaweka cheti chake cha upiga chapa, akabonyeza. Mashine ikakoroma kama mtu aliyekabwa, haiendi. Dada akasonya, akaigeuza. Chini yake palikuwa na kufuli ndogo ya kutelezesha, ile inayoshikilia taa wakati wa kusafirisha. Ilikuwa imefungwa, na juu yake imebandikwa plasta ya kidonda, ya zamani, imeota weusi pembeni. Akaibandua kwa kucha. Mimi nilitazama pembeni. Akaifungua kufuli.

"Sasa angalia. Taa inapita chini, inailamba karatasi polepole, halafu picha inatokea kwenye kompyuta. Basi."

Taa ikapita. Cheti kikatokea safi, kila herufi mahali pake. Dada akapiga makofi. Akaitoa picha ya mama kwenye bahasha, akaiweka kifudifudi kwenye kioo, akafunika.

Safari hii taa ilikwenda taratibu zaidi. Ilipofika katikati ikasimama, ikarudi nyuma kidogo, ikapita tena pale pale. Ndani kulisikika mlio laini wa majimaji, kama wa mtoto anayenyonya.

Kwenye kompyuta mama akatokea. Alikuwa amependeza, rangi zimekolea kuliko picha yenyewe, na dada machozi yakamlenga. Kisha nikaona mimi.

"Dada. Mdomo."

Midomo ya mama haikuwa imebanwa. Ilikuwa imeachana kidogo, upana wa uzi.

"Ni mwanga," dada akasema. Akafungua kifuniko achukue picha. Haikutoka. Ilikuwa imeganda kwenye kioo, akaivuta kwa ukucha, ikabanduka kwa sauti ya ulimi unaoachana na kaakaa. Ilikuwa imelowa. Ute mwembamba ulivutika kutoka kwenye picha hadi kwenye kioo, ukakatika, ukamdondokea dada kwenye kidole. Na pale usoni mwa mama rangi ilikuwa imepauka.

"Inaharibika!" dada akapiga kelele. "Unyevu umeingia! Inaharibika!"

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu la pili. Alikuwa anaona picha pekee ya mama inakufa mikononi mwake, na akili ikamtuma kwamba njia ya kuiokoa ni kuiskani haraka tena, safari hii kwa nukta nyingi zaidi ili itoke kali, kabla haijafutika. Akaipangusa kwa upindo wa gauni, akairudisha kwenye kioo, akabonyeza. Mnyonyo ukasikika, mrefu zaidi. Picha ikatoka nyeupe nusu ya uso. Akairudisha tena. Nilimwambia aache. Sikumshika, naapa najilaumu, lakini sikutaka kugusa ule ute.

Mara ya tatu ilipotoka, kiti kilikuwepo. Gauni lilikuwepo. Kitambaa cha kichwa kilikuwepo, kimefungwa vizuri kuzunguka kitu ambacho hakipo.

Dada akafungua faili la kwanza, lile zuri. Kiti na gauni. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Alizidi kubonyeza. Radi ingepiga tusingeisikia.

"Yuko wapi?" akanong'ona. "Kitinda, Mama yuko wapi?"

Kioo kilikuwa kitupu, kifuniko kimefungwa. Akabonyeza kitufe cha kuangalia kabla ya kuskani. Taa ikapita.

Mama alikuwa ndani. Karibu mno. Shavu limebanwa kwenye kioo mpaka limekuwa bapa. Pua imelala upande. Mdomo wazi, na pengo lake, lile alilolificha maisha yote. Ulimi ulikuwa nje, mpana, umeganda kwenye kioo. Kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi. Na nyuma yake, gizani, sharubu za mwanamume.

Nilitapika kwenye ndoo ya maua. Nilipoinua kichwa nikachomoa waya ukutani, nikatoka mbio hadi kwa Mama Studio.

Alikuwa barazani anachambua mchele. Hakushtuka.

"Mliweka watu," akasema chini chini.

"Tuliweka picha!"

"Picha ya nini? Ya nyumba? Dobi, sisi wapiga picha tunahesabu hivyo. Leo nimetoa watu kumi. Leo nimesafisha watu watatu. Picha ya mtu tunaiita mtu. Ningekwambia vipi tena?"

Akachambua punje moja, akaitupa.

"Wenu nani?"

"Mama."

"Wangu nilimweka wiki moja kabla hajafa, nipate picha ya kaburini. Nimemfuta miaka minne. Usipofuta anakabwa, unamsikia." Akainua macho. "Mwambie dada yako maji yawe vuguvugu. Baridi hawataki."

Nilirudi nikiwa nimebeba nyundo ya jirani. Nilikuwa nimekusudia. Sebuleni dada alikuwa ameurudisha waya ukutani. Kifuniko kilikuwa wazi, kando yake beseni la maji, na dada ameinamia kioo na taulo ndogo nyeupe, anafuta kwa mviringo, polepole, kama anavyofutwa mgonjwa asiyeweza kumeza. Kioo kililowa tena kila alipoinua mkono. Kililowa kutoka ndani.

"Dada, toka hapo."

"Weka hiyo nyundo."

"Ni uchafu huo! Huoni? Ni uchafu!"

"Ukivunja, umemuua mara ya pili," akasema, sauti imetulia kabisa. "Picha haipo tena. Mafaili hayapo. Amebaki hapa tu. Vunja basi, halafu uwaambie ndugu zako watano."

Nyundo ilikuwa nzito. Niliishusha.

"Unakumbuka alivyokuwa akisema?" akaniuliza, bila kugeuka. "Mtoto akinyea kiganja, hakikatwi. Wewe ulikuwa mgonjwa mgonjwa, ukimtapikia hadi kifuani. Sikuwahi kumwona akitema mate kwa kinyaa. Sasa leo yeye ndiye anatoka ute, na wewe umeshika nyundo."

Niliondoka. Tangu siku ile sijaingia nyumba ile, na ndugu wengine wameambiwa kwamba picha iliharibika kwa chai. Wamemwangushia shemeji lawama, naye hajui hata ajitetee vipi. Mama Studio amenenepa. Haleti taulo tena.

Jumatatu iliyopita mtu aliacha kapu mlangoni kwangu. Nililijua, ni la dada. Juu mashuka mawili, foronya, gauni lake la nyumbani. Chini kabisa, imekunjwa vizuri mara nne, taulo ndogo nyeupe, imekakamaa. Niliitazama muda mrefu. Nilikuwa na kijiti mkononi.

Nilikiweka chini kile kijiti. Nikachemsha maji, nikayapooza hadi yakawa vuguvugu, nikaifua kwa mikono yangu mitupu, peke yake, huku machozi yananitoka. Harufu ilirudi mbichi. Nilivumilia. Ni mama.

Nilipoianika kwenye jua ndipo nikaona kwamba pembe moja imeumwa. Meno ya juu yamezama kwenye kitambaa, yamepangana safu moja, na mbele, katikati ya safu, pana nafasi ya jino moja. Nimeifua mara tatu tangu siku hiyo. Doa limetoka. Meno hayatoki.