Ua wa Nyaboke na Kifua cha Angwenyi

Angwenyi na mkewe Mokeira walikuwa na shamba dogo la chai karibu na Nyamira. Asubuhi walichuma pamoja. Kikapu kikijaa, Angwenyi alikibeba mgongoni hadi kituo cha chai, juu kilimani. Alikuwa na miaka hamsini na sita na bado alijiona kijana. Sigara haikumtoka mdomoni.

Mwezi wa tano mwaka 1997, kifua kilianza kumbana. Kilimbana mahali pale pale njiani, kando ya ua wa Nyaboke, jirani yao mjane. Maumivu yalishuka hadi mkono wa kushoto. Akisimama kidogo, yaliisha.

Mara ya nne alimwambia mkewe, "Huyu mama amezika kitu kwa njia."

"Kitu gani, Baba Ogoti?"

"Ningejua ningekuwa mgonjwa? Kwani unafikiri ananisalimia kwa furaha hivyo bure?"

Kweli, Nyaboke alimsalimia kwa furaha. Kwa Angwenyi, huo ulikuwa ushahidi tosha!

Akawaambia jamaa zake. Wakapanga waje Jumapili, wafukue njia, kisha waingie kwa Nyaboke. Mokeira aliogopa sana. Mwaka uliopita, kijiji cha pili, mama mmoja alichomewa nyumba kwa maneno kama hayo. Akakimbia kumwita Tryphosa, muuguzi wa zahanati.

"Ukishuka bila mzigo, kifua kinakushika hapo kwa ua?" Tryphosa aliuliza.

"Hapana. Hiyo dawa imewekewa mtu anayepanda," Angwenyi alijibu haraka.

"Hapo ndipo njia imeinuka zaidi, mzee. Na kwingine je?"

"Kwingine hakuna."

Mokeira akashindwa kunyamaza. "Na kule Tabaka? Tulipoenda harusi, ulisimama kilimani ukasema unafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba!"

"Nyaboke ana ua Tabaka?" Tryphosa aliuliza.

Angwenyi alimkazia macho. "Sista, Nyaboke amekupa nini?"

"Hajanipa kitu. Moyo ni pampu. Una mishipa yake ya kuuletea damu. Mafuta yakiganda ndani, mishipa inakuwa myembamba. Ukipanda na mzigo, moyo unataka damu nyingi, na njia ni ndogo. Ndiyo maana unauma. Sigara inazidisha. Twende upimwe, kabla mshipa haujaziba kabisa."

Angwenyi aliwaambia jamaa zake wangoje kidogo. Walikubali, lakini majembe yao yalibaki yameegemezwa ukutani.

Mjini Kisii alilazwa kitandani, akabandikwa nyaya kifuani. Kipimo hakikuonyesha kasoro.

"Umeona?" Angwenyi alisema. "Moyo ni mzima. Ni Nyaboke!"

"Ukilala, moyo haubebi kikapu," Tryphosa alimjibu. "Kipimo hiki peke yake hakitoshi."

Daktari akamtuma Nairobi, kwenye hospitali kubwa, moyo upigwe picha kwa kuingizwa mrija. Angwenyi akafika huko na maswali yake.

"Mjomba wangu alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT. Hakuchomwa mahali. Mbona mimi mnataka kuniingiza mrija?"

"Kichwa hutulia, mzee," daktari wa huko alisema. "Moyo hautulii. Ng'ambo kuna mashine za CT za kasi sana, wanaanza kuangalia moyo kwazo. Hapa kwetu bado. Tutapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi kwenye moyo. Tutatia dawa inayoonekana kwa eksirei. Hatari zipo, lakini ni chache, na tutakuwa hapa. Utajionea mwenyewe."

Akajionea, akiwa macho. Kwenye kioo cha mashine mishipa ilionekana kama mizizi. Katika sehemu mbili ilibana, ikawa nyembamba kama uzi.

"Hiyo ni ya nani?" aliuliza.

"Yako."

"Nitajuaje?"

"Kohoa."

Angwenyi akakohoa. Moyo ule kwenye kioo ukaruka. Akakohoa tena, ukaruka tena. Akafumba macho, akaona aibu kubwa.

Alirudi na dawa za kila siku, na vidonge vya kuweka chini ya ulimi maumivu yakianza. Akaacha sigara. Mokeira akapunguza mafuta kwenye chungu, na Ogoti, mtoto wao wa kwanza, akawa ndiye wa kubeba kikapu. Angwenyi alipanda polepole, mikono mitupu. Baada ya miezi miwili alifika juu bila kushikwa.

Siku ile ile aliwaita jamaa zake. "Ni mshipa," aliwaambia. "Nimeuona kwa macho yangu. Atakayemgusa Nyaboke amenigusa mimi." Kisha akaenda kwa Nyaboke, akabisha hodi.

Sauti ikauliza kutoka ndani: "Uko na nani?"

"Niko peke yangu, mama. Nilikuwa mgonjwa wa moyo, nikakutupia wewe lawama. Nimekuja kuomba msamaha."

Mlango ukafunguka kidogo. Nyaboke alichungulia njiani, kushoto na kulia. Nyuma yake kulikuwa na fuko la nguo, limefungwa tayari kwa safari.

"Miezi mitatu, tangu nisikie mipango yenu, nalala na viatu miguuni," alisema.

Nyaboke akamtazama sana, kisha akamkaribisha ndani, akamsogezea kiti na kwenda kuchemsha chai. Lakini mlango hakuufunga.