Mate ya Fundi

Kisanamu kilikuwa na midomo.

Fundi alikisogeza karibu na taa ya mezani, akakigeuza huku na huku, akakiweka chini, kisha akakiinua tena. Jana alipofunga karakana alikiacha kijivu kitupu, kimepakwa rangi ya msingi kuanzia utosini hadi kwenye viatu, basi. Leo kilikuwa na midomo myekundu, midogo kuliko punje ya mtama, iliyopakwa na mkono usiojua kutetemeka. Na karakana nzima ilinuka udenda uliokaukia kwenye foronya.

Alifungua dirisha. Alijiambia kwamba midomo aliipaka mwenyewe akasahau. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia na kuyapaka rangi yafanane na yale machache aliyobaki nayo mgonjwa, na mkono uliozoea kazi kama hiyo huweza kuendelea hata kichwa kikiwa safarini. Ndivyo tunavyojidanganya wote mambo yanapoanza kwenda kombo. Tunausingizia usahaulifu, kwa sababu usahaulifu haung'ati.

Visanamu vilikuwa ulevi wake. Wengine hunywa, wengine hufuata mpira. Yeye alipaka rangi wachawi wenye fimbo, mazimwi, na askari wa sayari za mbali, wote wafupi kuliko kidole gumba. Mkewe, aliyekuwa mshona mapazia, aliviita watoto wa nje. "Leo unakula nyumbani," alizoea kumuuliza, "au kwa watoto wako wa nje?" Naye alicheka, na alichelewa vilevile.

Mwezi ule kundi lao la simuni, la wapaka visanamu wenzake, lilikuwa na shindano. Kila mmoja achague kisanamu kimoja, akipake kwa ustadi wake wote, na atume picha kila hatua wenzake waone. Mwenyekiti wa kundi alikuwa mchoyo wa sifa; kwa kazi za Fundi hakuwahi kuandika zaidi ya "Sawa." Safari hii Fundi aliapa kumtoa neno la pili. Alichagua kisanamu alichokikuta chini kabisa ya kasha la mitumba, kisichofanana na wenzake: msichana wa safari za angani, joho mabegani, kofia ya kioo ameibana kwapani, uso wazi.

Na Fundi alikuwa na tabia moja, ambayo wapaka visanamu wengi wanayo na wote hukatazana. Alilamba brashi. Kila baada ya kuichovya na kuifuta, aliipitisha ulimini ili nywele zake zikusanyike ziwe ncha moja kali, kisha akairudisha kwenye kazi na unyevu wa kinywa chake. Hakuna maji yanayochongoa brashi kama mate, alisema, na hilo ni kweli.

Aliipiga picha midomo ile, akaituma. Baada ya muda Mwenyekiti akaandika, "Hii umeipakaje?"

Hapo angeweza kusema ukweli. Lakini sifa zilikwisha kumpanda kichwani. "Huyu ni mwanangu," aliandika, "lazima apendeze." Kundi zima likampongeza.

Mchana binti yake alipitia karakana kutoka shule, kama kawaida. Walimwita Kibogoyo. Jina alibandikwa na majirani meno yake ya mbele yalipong'oka kwa mpigo, maana walishindwa kabisa kukiacha kichekesho hicho kipite: mtoto wa fundi meno hana meno. Alikaa kwenye kigoda chake, akatoa kazi ya hesabu, akamtabasamia baba yake, na Fundi akaona midomo ya mtoto ni myeupe kama plasta.

"Umekula chaki wewe?"

"Sijala chaki, baba."

Alimfuta kwa kitambaa. Hakikutoka kitu. Alimpeleka zahanati, daktari akamtoboa kidole, akapima, akacheka. "Damu ipo tele. Huyu ni mzima kuliko mimi." Nyumbani mama yake alimpikia maini hata hivyo, akamsimamia mpaka akamaliza.

Siku iliyofuata kisanamu kilikuwa na mashavu. Yalikuwa ya kahawia yenye joto ndani yake, rangi ambayo Fundi alikuwa akiitafuta miaka yote asiipate kwenye kichupa chochote. Na jioni, kwenye meza ya chakula, mashavu ya Kibogoyo yalikuwa ya majivu. Fundi aliyaona yote mawili, na hakutaka kuyaweka pamoja. Alituma picha. "Kaka, umetuzidi sote," Mwenyekiti akaandika. Fundi alifurahi, na hapohapo akaizima simu.

Kesho yake, saa za mchana kweupe, alitoka kwenda kujaza ndoo ya maji ya kukorogea plasta. Aliporudi akasimama nje ya mlango. Ndani kulikuwa na mtu ananyonya kitu. Nyep. Kisha kimya, kama cha mtu anayeinamia kazi yake. Kisha nyep, tena, taratibu, bila haraka. Fundi aliijua sauti ile kwa sababu ilikuwa yake. Ilikuwa sauti ya brashi ikitoka kati ya ulimi na midomo. Alipousukuma mlango hapakuwa na mtu. Brashi ilikuwa mezani, ncha yake kali kama sindano, imelowa, na udenda ulinuka mpaka akaziba pua. Kisanamu kilikwisha kuwa na nywele.

Hakutuma picha siku hiyo. Aliketi akishika kichwa, mpaka Kibogoyo alipokuja akakaa kwenye kigoda chake, mtoto aliyepauka kama shati lililosahauliwa juani, hata sweta lake la shule likaonekana limemvaa yeye. Fundi akachukua kioo chake cha kukuzia, akakiangalia kisanamu shingoni, chini ya sikio la kushoto. Palikuwa na baka dogo la kahawia, limekaa kimshazari. Aliinuka, akanyanyua msuko wa binti yake. Baka alilozaliwa nalo, ambalo Fundi alilibusu siku ya kwanza mtoto alipowekwa mikononi mwake, halikuwapo.

Basi akafanya anachofanya kila mpaka visanamu kazi ikimharibikia. Alimimina spiriti kwenye kopo, akakidumbukiza kisanamu humo, rangi yote itoke abaki na plastiki.

"Baba," Kibogoyo alisema nyuma yake, kwa sauti ndogo. "Baba, naungua."

Alikitoa kwa vidole vitupu. Akampigia mkewe simu, na hakukumbuka baadaye alimwambia nini.

Mkewe alifika na futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Alimtazama mtoto, akamtazama mumewe, akakitazama kisanamu kwa muda mrefu. Mtu anayeuza mapazia anajua rangi.

"Hizo ni za mwanangu," alinong'ona.

"Najua."

"Tangu lini unajua?"

Mkewe hakumgombeza, na hilo lilimuumiza kuliko matusi. Alitoka, akarudi na bibi aliyekaa ghorofa ya juu ya duka lake la mapazia, mganga aliyejulikana kwa kuongea na majini kama watu wengine wanavyoongea na wapangaji wakaidi. Bibi aliingia akihema kwa ngazi, akavuta hewa puani mara moja, akakunja uso.

"Funga mlango," alisema. "Mtoto mpakate wewe mama, usimwachie. Na wewe fundi, kaa nikuone mikono." Akakivuta kigoda, akakaa mbele ya kisanamu, magoti yake yakigusa meza. "Haya, mwenzangu. Umefuata nini kwa watu?"

Kisha Kibogoyo akaongea akiwa mapajani mwa mama yake, macho yamefumbwa, midomo haichezi, na sauti iliyotoka ilikuwa na unyevunyevu kama ya mtu mwenye kitu kinywani.

"Sikufuata. Nimezaliwa hapa."

"Nani kakuzaa?"

"Huyo hapo. Kanilisha toka kinywani mwake, kama mama ndege. Akanikubali mbele za watu. Au nasema uongo, baba?"

Fundi akasogea nyuma. Mkewe alimtazama. "Uliandika nini kwenye hilo kundi lenu?" Akamwambia. Bibi akatikisa kichwa polepole, kama fundi bomba aliyeonyeshwa kazi mbovu ya fundi mwenzake.

"Amekushika pabaya," alisema. "Angevamia, ningemfukuza. Lakini huyu ana hoja." Akageukia kisanamu. "Nyumba hii ina mtoto tayari."

"Kwa hiyo mmoja anatosha," ilisema sauti. "Nimebakiza macho tu. Kesho nitaamka, nitakunywa chai mezani. Huyu atakaa kwenye rafu. Hamtaona tofauti."

Mama mtu alimkumbatia binti yake kwa nguvu mpaka vidole vikatoka mishipa. Fundi akapiga magoti, si mbele ya kisanamu, mbele ya bibi. "Nipe mimi njia. Chochote."

"Jini aliyelishwa haondoki na njaa," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Anataka macho. Mpe yako, arudishe rangi za mtoto. Si macho yenyewe, hapana, utaona mlango na utaona ngazi. Rangi zilizomo. Ila nikwambie mapema, akichukua harudishi. Na huyu akikwambia amerudisha kila kitu, mimi sina pa kudai risiti."

"Mume wangu," mkewe alisema, na hakumalizia, kwa sababu kulikuwa na mtoto mapajani mwake mwenye rangi ya majivu ya jiko, na hakuna mke duniani ambaye angemalizia sentensi hiyo.

"Sikia," Fundi akakiambia kisanamu. "Mimi si baba yako. Nilikulisha bila kujua, nikakusifia kwa uongo, na nakukana mbele ya hawa. Chukua changu uende."

"Nionjeshe," ilisema sauti.

Aliichukua brashi. Aliiweka ulimini, akaisikia ina ladha ya chuma na ya kitu kitamu kilichooza, akaivuta kati ya midomo mpaka ikawa ncha, na akakigusa kisanamu jicho la kulia. Na pale pale wekundu wa futi ya mkewe ukaanza kuondoka, ukanywea kama maji kwenye mchanga, ukafuata ubuluu wa sweta la mtoto, na rangi ya ufizi wa meno yaliyopangwa rafuni, na manjano ya ndoo, na kijani cha mlango alioupaka mwenyewe, kila kitu kikimtoka machoni bila maumivu, na yeye hakuuzuia mkono, akailamba tena, akagusa jicho la pili, akisikia ndani ya kichwa chake mtu anameza, anameza, anameza.

Kisha ikanyamaza. Harufu ya udenda ikakatika ghafla, kama dirisha limefunguliwa.

"Mwanangu," mkewe alisema, akilia na kucheka pamoja. "Mwanangu, tazama midomo yako. Tazama mashavu. Mume wangu, umemwona? Karudi."

Bibi alikitia kisanamu kwenye tanuri la kuchomea meno bandia kwa koleo, akalifunga, akaliwasha mpaka mwisho, akasimama mbele yake mikono kiunoni hadi palipobaki tone jeusi. Kibogoyo aliomba maji. Sauti ilikuwa yake, yenye kile kithembe cha meno yaliyokosekana. Fundi alimpa kikombe, akamtazama uso kwa karibu, akimtafuta. Alimwona mtoto wa majivu, midomo ya majivu, mashavu ya majivu, sawasawa na alivyokuwa saa moja kabla.

Alimkumbatia hivyo hivyo. Ndipo alipoelewa alichouza. Kwamba binti yake amerudi, hilo hataliona kwa macho yake mwenyewe mpaka anakufa.

Walizoea, kama watu wanavyozoea. Aliacha visanamu na kundi. Mchana mkewe aliacha cherehani kwa muda, akaja karakana kumchagulia rangi za meno. Akamtania kwamba sasa ameajiriwa kwa mume bila mkataba. Na kila asubuhi, kabla mtoto hajamaliza chai, Fundi aliinama sikioni kwa mkewe akauliza jambo lilelile kwa kunong'ona.

"Midomo yake?"

"Myekundu."

"Mashavu?"

"Yako vizuri, baba watoto. Kunywa chai yako."

Hapo ndipo alipoweza kumeza.

Meno ya mbele ya Kibogoyo yalianza kuota, na siku hiyo alikuwa anayaonyesha, akiyagonga kwa kijiko na kucheka, miguu ikining'inia chini ya meza. Fundi alicheka naye. Aliinama kwa mkewe kama kawaida.

"Midomo yake?"

Mkewe alikuwa na kikombe mkononi. Alikiweka chini bila kunywa. Alimtazama mtoto, akafikicha macho, akamtazama tena, akainuka na kufungua pazia la dirisha mpaka mwisho.

"Ngoja kwanza," alisema. "Naona kama imepauka. Hebu mwanangu, sogea huku kwenye mwanga."