Mkono Mmoja Kutoka kwa Taa

Kila jioni kengele ya shule ilipolia, wenzetu walikimbilia nyumbani kula, nasi tulikimbia kuzunguka uwanja: mimi na rafiki yangu Abby. Huo ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka wa 2007, na Dundori nzima ilijua kwamba Mugure wa darasa la saba angekimbia mita elfu moja mia tano Nakuru mjini, Jumamosi, katika mashindano ya wilaya. Mugure ndiye mimi. Aliyekuwa hajui nilimwambia mwenyewe!

Jumatatu, katika mzunguko wa nne, shavu la mguu wangu wa kulia likakaza ghafla. Nikaketi chini nikiushika. Mwalimu Kipkorir, aliyetufundisha mbio, aliuminya polepole.

"Kesho shosho yako akupeleke hospitali," alisema. "Usipopona kufikia Ijumaa, Abby atakimbia mahali pako."

Abby ni rafiki yangu wa dhati. Lakini siku hiyo, wacha niseme ukweli, sikutaka hata kumtazama.

Shosho, nyanya yangu, alinipeleka kwa Bwana Obura, mtaalamu wa viungo katika kliniki moja mjini. Nilivalishwa miwani nyeusi, nikalala kifudifudi, akaupangusa mguu wangu ukawa mkavu kabisa. Kisha akawasha taa nyekundu. Joto lilivyoingia! Lilifika mpaka ndani.

"Taa hii husaidia, lakini ina masharti," alisema nyuma yangu. "Inakaa mkono mmoja kutoka kwa ngozi. Dakika kumi, basi. Rudi Alhamisi."

Nilitoka pale nikihisi naweza kukimbia mpaka mlima Longonot. Alhamisi ilionekana mbali mno. Na kumbe nyumbani taa nyekundu tulikuwa nayo! Shosho alikuwa na vifaranga, na taa yao ilining'inia juu ya boksi ili wasishikwe na baridi. Jumatano baada ya shule jua lilikuwa kali, vifaranga wakidonoa nje, na taa imekaa bure. Nyekundu ni nyekundu, nikajiambia.

Kwanza nikajipaka dawa ya kuchua, ile kali ya Shosho, ili nipone haraka zaidi. Kisha nikaishusha taa na kupima kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole. Mkono mmoja kamili! Na kama dakika kumi zilileta nafuu, nusu saa ingemaliza kazi yote.

Mguu ulipoanza kuwasha nilifurahi, nikidhani ni dawa inafanya kazi. Dakika chache baadaye ukawaka moto.

"Uuui!" nikaruka.

"Mugure! Kuna nini?" Shosho aliita kutoka zizini, alikokuwa akikamua.

"Si kitu, Shosho!"

Ngozi ilikuwa nyekundu kama nyanya. Mwalimu akiiona, nimekwisha, Abby atakimbia. Nikavuta soksi ndefu ya shule nikaifunika. Hatua moja tu, machozi yakanitoka. Mguu huu ningeufichaje mpaka Jumamosi, na ungekimbiaje? Niliogopa, lakini nilivua ile soksi, nikaenda zizini nikichechemea.

"Shosho, nimedanganya. Nimejichoma na taa ya vifaranga."

"Ngai! Hebu nione!"

Alinivuta mpaka kwenye mfereji, akaufungua, akaacha maji yatiririke juu ya mguu kwa dakika ishirini nzima. Dakika zote ishirini alinigombeza bila kupumzika.

Alhamisi Bwana Obura aliuinua mguu akautazama. "Nani alikwambia uiweke taa karibu hivi?"

"Ni wewe, Daktari! Ulisema mkono mmoja." Nikamwonyesha kiganja changu.

Akakitazama. Halafu akanyoosha mkono wake wote, kuanzia begani mpaka vidoleni. "Mimi nilimaanisha huu! Kosa hilo ni langu, ningekuonyesha. Lakini hayo mengine ni yako, mama. Taa ya vifaranga haikutengenezewa watu. Ngozi yenye dawa ya kuchua haiwekwi kwenye joto. Na dakika za kuongeza haziponyi, zinachoma tu."

"Nitakimbia?" nikauliza.

"Hakuna lengelenge. Maji yamekuokoa. Msuli nao umelegea. Pumzika leo, na kesho Mwalimu akuangalie."

Ijumaa Mwalimu alinikimbiza mizunguko miwili taratibu, akiukodolea mguu macho. Mwishowe akaitikia kwa kichwa. Aliyepiga kelele za furaha kunishinda alikuwa Abby!

Jumamosi, mzunguko wa mwisho, nilikuwa wa tano. Wa nne. Abby alikimbia kando ya uwanja akipaaza sauti, "Twende, Mugure! Twende!" Kona ya mwisho, wa tatu. Nikafunga macho, nikasukuma na nguvu zote. Wa pili! Na wawili wa kwanza walikuwa wanaenda mkoani!

Shosho alinikumbatia, sauti imemkauka kwa kushangilia.

"Mbio umekimbia," alisema, "lakini mimi nakusifu kwa ile siku ulinijia na ukweli wako. Ungenyamaza mpaka leo, mguu huo ungekuwa kidonda, na hiyo namba ya kifuani angekuwa ameivaa Abby. Matibabu hufuatwa vile mtaalamu amesema. Ukikosea, sema mapema. Na neno la daktari usipolielewa vizuri, uliza. Kuuliza kungekuchukua nusu dakika tu, Mugure."